Barua si mkataba

Kikundi kikikuambia kimepewa jengo la kaunti, usianze kwa kuuliza kinalipa kodi ngapi. Uliza ufunguo hukaa na nani mwaka wa uchaguzi. Ukijibiwa hilo utajua kama kweli kimepewa jengo, au kimeachiwa tu kijikalie humo mpaka mwenyewe atakapolihitaji.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi kimoja cha mtaani, katika mji ambao sitautaja kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea na sipendi kuharibu. Tuna akina mama wa chama, tuna vijana wa ndondi na sarakasi, tuna darasa la jioni la watoto ambao kwao hakuna meza ya kuandikia. Wote hawa wamo ndani ya ukumbi mmoja uliojengwa na baraza la mji enzi hizo, na haki yetu ya kuwa humo ni karatasi moja yenye muhuri inayoturuhusu kuutumia kwa shughuli za maendeleo. Karatasi haisemi mpaka lini. Haisemi nani anatengeneza paa. Aliyeitia sahihi alihamishwa zamani, na kila afisa mpya anayekuja huishika kwa vidole viwili, akaigeuza kutazama nyuma, kisha akatuuliza nani alitupa.

Nchini Kenya kumbi za namna hii zimejaa kila mji wenye umri. Nairobi ndiyo mfano mkubwa. Serikali ya kikoloni na baraza la mji zilizijenga katika mitaa ya Waafrika ili mfanyakazi apate pa kupumzikia jioni bila kujiingiza kwenye mambo ya siasa. Mambo yakaingia hata hivyo. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ukumbi wake uligeuka bunge la watu ambao bunge lenyewe lilikuwa limewafungia mlango. Makadara ndiko Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa, alikokuwa akijaza watu hadi madirishani. Baada ya uhuru kumbi zikabaki mikononi mwa baraza, na kila aliyekulia Eastlands, ile mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ana lake la kusimulia: ndondi za wikendi, mkutano wa kuchangisha pesa za matanga, foleni ya chanjo, harusi ya binamu ambayo muziki ulikatika kwa sababu stima ilikatika.

Mwaka 2013 mabaraza ya miji na manispaa yalikoma, kaunti 47 zikashika usukani kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Majengo yakarithiwa jinsi yalivyo, na nyufa zake, na bili zake.

Sasa nieleze jambo ambalo wanakikundi wengi hawalijui, na mimi nililijua kwa sababu ya kazi ya kushika vitabu vya hesabu. Ukilipa ada ya ukumbi kaunti, hata iwe shilingi elfu moja ya mkutano wa nusu siku, pesa hiyo haikai ukumbini. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria ilipoyatenga kwa njia nyingine. Kuyatoa huko kunahitaji bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo unaweza kulipia ukumbi mwaka mzima, risiti zikajaa sanduku, na shimo la paa lisipate hata bati moja, kwa sababu paa lako linashindania shilingi ileile na barabara, zahanati na mishahara. Hakuna aliyekula. Pesa imeenda tu mahali ambapo sheria imesema iende, na huko hakuna anayeukumbuka ukumbi wenu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodai kila mkutano wa hadhara kwamba kaunti itupunguzie ada. Ada ipungue ama isipungue, paa litavuja. Kinachotufaa ni mkataba wa ukodishaji unaokipa kikundi haki ya kukusanya ada ndogo za matumizi na wajibu wa kuzitumia papo hapo kwenye jengo, huku kaunti ikilipwa kodi inayojulikana. Hapo shilingi ya harusi ya Jumamosi inaweza kununua misumari Jumatatu.

Basi kwa nini hawatupi mkataba? Jibu la haraka la mtaani ni kwamba wanataka chai. Wapo wanaotaka, sitawatetea. Lakini nimekaa na maafisa wa kutosha kujua kwamba wengi wao wanaogopa, na woga wao una sababu.

Mwaka 2003 Rais Kibaki aliunda tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Ripoti ilitoka 2004, na ndani yake mna viwanja vya michezo, nyumba za mabaraza, vyoo vya umma, masoko, hifadhi za barabara, vyote vimepewa watu binafsi kwa karatasi zilizoonekana halali kabisa. Chombo cha unyakuzi kilikuwa hati. Mtu alitoka ofisini na barua ya kugawiwa ploti, baadaye akapata hati ya miaka 99, akauza kabla wino haujakauka, na aliyenunua akasema yeye ni mnunuzi asiye na hatia. Tangu hapo, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na ile iliyoitangulia, zimekuwa zikiwafikisha watu mahakamani kudai mali hizo zirudi, na karani aliyetia sahihi huitwa ajieleze hata kama amestaafu.

Kwa hiyo afisa wa leo akisikia neno mkataba, na jengo la umma, na watu wasio serikali, anaona kesi. Anachofanya ni kuandika barua. Barua haimfungi mtu. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: mnyakuzi alipewa miaka 99, na kikundi cha akina mama kinachofagia ukumbi kila asubuhi kinapewa karatasi isiyo na tarehe ya mwisho, kwa sababu ya dhambi za yule mnyakuzi.

Afisa mmoja kijana alimwambia mwenyekiti wetu, "Mama, hii ni mali ya umma, siwezi kuwapa tu." Mwenyekiti, ambaye amemzidi umri mara mbili, akamjibu, "Hujatupa, mwanangu. Tumo." Ofisi nzima ilicheka, naye akacheka, akatuagizia chai. Mkataba hakuandika.

Na kisheria kutokuwa na mkataba ni kubaya kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba pasipo muda uliotajwa, upangaji unahesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi: ukilipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kukutoa haihitaji kuzidi kipindi hicho. Mwenye duka la kupanga pale nje ya ukumbi ana kinga zaidi. Sheria ya wapangaji wa maduka na mikahawa, ile Sura ya 301, inamlinda mfanyabiashara ambaye hana mkataba wa maandishi ama ana wa muda mfupi, ikamwekea na baraza maalum la kwenda kulalamika. Sasa soma ufafanuzi wake mwanzoni kabisa: upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mshirika wake haumo katika kinga hiyo. Ndiyo kusema muuza sukari, akiwa kwa mwenye nyumba wa kawaida, hawezi kufukuzwa ovyo. Sisi tukiwa kwa kaunti, kinga yetu ni ile tu tutakayoiandika wenyewe.

Watu husema vikundi vya mtaani haviwezi kuendesha jengo. Ukiwasikia, watembeze mjini Nairobi na uwaonyeshe vyoo. Walioijua Nairobi ya miaka ya 1990 wanakumbuka vyoo vya baraza vilikuwa mahali pa kukimbia ukiwa umeziba pua, na vingine vilikuwa maficho ya wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ushirikiano wa baraza na chama cha wafanyabiashara wa katikati ya jiji, vyoo kadhaa viliwekwa mikononi mwa vikundi vya vijana. Wakapaka rangi, wakaweka maji, wakatoza shilingi 5, baadaye 10, wakakaa mlangoni. Baadaye kidogo akaja msanifu majengo David Kuria na Iko Toilet zake, ambazo zilikuwa na mpango ulioandikwa: kampuni inajenga kwenye ardhi ya baraza, inaendesha kwa miaka 5, kisha inarudisha jengo. Muda unajulikana, mwisho unajulikana. Unaweza kubishana kuhusu bei, lakini huwezi kusema hujui nani ana jukumu la bomba lililopasuka.

Vyoo vya vikundi navyo vilitufunza upande wa pili, na sitauficha kwa kuwa nawapenda vijana. Choo kinaingiza pesa kila siku. Penye pesa za kila siku kikundi cha watu thelathini huanza kupungua. Wanaohama hawabadilishwi, wanaooa hawarudi, na baada ya miaka michache unakuta wamebaki watano na mjomba wao, jengo la umma limekuwa duka la familia. Hakuna hati iliyoibwa, lakini mlango umefungwa vilevile. Kila ninapodai mkataba mrefu wa kikundi chetu, sauti fulani huniuliza: nani atatutoa sisi tukigeuka hivyo? Ni swali la haki, na mkataba usioweza kulijibu haufai kutiwa sahihi.

Mfano ambao mimi huuchomoa mfukoni mbele ya maafisa ni wa maktaba. Maktaba ya McMillan, lile jengo la nguzo nyeupe na simba wawili mbele, lilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya bwana mmoja tajiri, na kwa miongo Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mwishowe likaingia mikononi mwa baraza la jiji, pamoja na matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kufikia miaka ya 2010 vitabu vilikuwa vimeliwa na vumbi. Mwaka 2017 Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka wakaanzisha shirika la Book Bunk, na mwaka 2018 wakatia sahihi makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kukarabati maktaba zote tatu. Walianza na matawi ya Eastlands, yakafunguliwa upya na watoto wakajaa. Jengo lilibaki la kaunti. Wafanyakazi wa kaunti walibaki kazini. Shirika lilileta pesa za wafadhili, mafundi, ratiba ya shughuli, na jambo ambalo halinunuliki: watu wa mtaa kuulizwa wanataka nini kabla ya nyundo ya kwanza.

Najua jibu utakalonipa, maana nimeshapewa na karibu kila mtu: hao wana elimu, wana jina, wana wafadhili, nyinyi mna nini? Ni kweli. Chama cha akina mama hakina wakili wala mtu wa kuandika maombi ya fedha ya kurasa arobaini. Hata cheti chetu cha usajili, kwa miaka mingi kilitolewa na idara ya ustawi wa jamii bila sheria maalum nyuma yake, mpaka ilipokuja Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Lakini makubaliano yale yalithibitisha kwamba kaunti ikitaka, inajua kuandika karatasi inayogawa majukumu bila kugawa umiliki. Kalamu wanayo. Ugumu ni kwamba hakuna aina ya karatasi iliyotayarishwa kwa ajili ya wadogo. Orodha ya ada katika Sheria ya Fedha ya kaunti hukutajia bei ya ukumbi kwa siku, kwa harusi, kwa mkutano. Mtu anayetaka kuutunza miaka mitano hana mstari wake.

Mtu wetu mmoja aliye Uingereza alinitumia mikataba ya huko nikaikesha. Kule halmashauri ikitaka kukodisha jengo zaidi ya miaka 7, sheria ya mwaka 1972 inaibana ipate bei bora iwezekanavyo, kama ilivyo kwetu kwamba mali ya umma isitupwe. Kisha mwaka 2003 serikali ikatoa idhini ya jumla kwa England: halmashauri inaweza kushusha bei ikiwa jengo litaleta manufaa ya kiuchumi, kijamii au ya mazingira, mradi punguzo lisizidi pauni milioni 2. Tazama alivyosaidiwa afisa wa kule. Amepewa sababu zinazokubalika na amepewa kikomo cha tarakimu. Akitia sahihi mkataba wa pauni 1 kwa mwaka, haogopi kuitwa mwizi, kwa sababu anajua mpaka uko wapi. Scotland wamekwenda mbele zaidi: sheria yao ya 2015 inakiruhusu kikundi kuomba jengo la umma, na mamlaka ikikataa lazima itoe sababu.

Usidhani huko ni peponi. Baada ya bajeti za halmashauri kuanza kukatwa mwaka 2010, majengo mengi yaliyokabidhiwa jamii yalikuwa yale ambayo halmashauri zilishindwa kuyatunza. Kikundi kinapewa kwa pauni 1, na ndani ya mkataba mna kifungu kwamba matengenezo yote, nje na ndani, ni yake. Ukisoma haraka umefurahi, ukisoma polepole umerithi paa. Nililisoma hilo nikaenda moja kwa moja kuikagua rasimu yetu ya mkataba, maana kuna mtu alikuwa ameshauri tukubali "matengenezo yote" ili kaunti ione tuna nia. Nia tunayo. Mabati ya jengo zima hatuna.

Kwa hiyo tumeandika rasimu yetu wenyewe badala ya kungoja. Tuliomba miaka 5 yenye nafasi ya kuongezwa, tukiacha kwa makusudi ile miaka mingi ambayo tuliona ingeweza kutupeleka Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuamsha kila hofu niliyoitaja. Ardhi haiguswi, ni jengo na matumizi yake tu. Kaunti inabaki na paa, kuta na msingi. Sisi tunashika rangi, vioo, kufuli, taa, maji, usafi na mlinzi. Kabla ya kutia sahihi, fundi wa kaunti na wetu wanapita pamoja na kupiga picha kila ufa, maana mwaka wa tatu mtu atasema sisi ndio tuliouleta.

Kuhusu lile swali la mjomba na watano, tumeweka kwamba uongozi ubadilike kwa uchaguzi kila baada ya miaka 2, afisa wa jamii akiwepo, na hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka, pale pale mlangoni ambapo hata mpita njia anaweza kusoma. Uanachama hauwezi kufungwa kwa mkazi wa wadi. Siku mbili kwa wiki ukumbi ni wa yeyote atakayeandika jina mapema, bila ada. Tukikosa hayo, kaunti inatoa notisi ya miezi 3 na kutwaa jengo. Baadhi ya wenzangu walinuna: mbona tunampa mwenye nyumba rungu la kutupigia? Nikawaambia bila rungu hilo hakuna afisa atakayethubutu kutia sahihi, na mimi mwenyewe nisingependa.

Ubishi mkubwa haukuwa wa kaunti hata kidogo. Ulikuwa wa kanisa. Kuna mchungaji anayetaka ukumbi kila Jumapili, asubuhi hadi saa kumi, na pesa anayotoa ingelipia mlinzi, maji na stima bila sisi kutokwa jasho. Vijana wa ndondi wanasema Jumapili ndiyo siku yao ya pekee. Akina mama wengine ni waumini wake. Jirani Waislamu wanauliza, kwa adabu, kama ukumbi wa umma sasa una dini. Tulikaa vikao vilivyoisha usiku. Mwishowe tumeandika kwamba hakuna mpangaji mdogo anayeweza kushika siku ileile ya wiki kwa zaidi ya miezi 3 mfululizo, awe kanisa, awe chuo cha udereva, awe mwanasiasa. Mchungaji hakufurahi. Vijana pia hawakufurahi, kwa sababu miezi 3 ni mingi. Nadhani tumepata kipimo sawa.

Na uchaguzi? Tume ya uchaguzi ikihitaji ukumbi kwa kupiga au kuhesabu kura, inaupata, bila mjadala. Mgombea akiutaka kwa kampeni, analipa ada ileile na kwa saa zilezile kwa kila chama, na ufunguo unabaki na msimamizi wetu. Mwakilishi wadi alipoisoma sehemu hii alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama inamhusu na yeye. Mwenyekiti alimwambia, "Mheshimiwa, wewe ndiye wa kwanza."

Rasimu sasa iko kwa wakili wa kaunti. Ameturudishia na masahihisho machache ya lugha, pamoja na swali ambalo hatukulitarajia: deni la stima lililolimbikizwa kabla ya sisi kuingia litalipwa na nani? Tumemjibu kwa maandishi, tukaambatanisha tarehe ya barua yetu ya kwanza, kwamba si sisi.